Hakuna Aliyefika Chumba cha Kwanza

Jumamosi, 4 Januari 1992. Awindiri, Arua.

Vijitabu vyangu vimetoka! Bado vinanuka wino wa mashine ya misheni. *Kaburi la Mfalme*, safari iliyotungwa na V. Lokule. Sikuandika Viktoria kwa makusudi. Msomaji adhani ni mzee mwenye ndevu.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mchezo huu tulifundishwa shuleni na mwalimu wa hesabu, Mzungu wa kujitolea, aliyerudi kwao kabla ya mtihani wetu. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wasafiri ndani ya hadithi. Msimulizi anasema: mko mbele ya mlango. Wasafiri wanasema watafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu ya pande ishirini inaamua. Msimulizi asiyejua kutunga hununua kijitabu cha safari, ambamo mambo yote yameshaandikwa. Mwalimu alituachia vijitabu vitatu vya kwao. Nimevisoma mpaka vimechanika. Mapango, makaburi, milango ya siri. Sasa shule zote kuanzia hapa mpaka Koboko zinacheza, na safari zile tatu kila mtu ameshazimaliza. Watu wana kiu ya safari mpya. Mimi ndiye kisima.

Kaburi langu lina vyumba ishirini. Kila kimoja nimekieleza: upana, harufu, rangi ya vumbi. Ukumbi wa kiti cha enzi peke yake una kurasa mbili, na ramani ya kukunjua. Hakuna kosa hata moja la tahajia. Nimeandika kwa Kiswahili ili nisomwe Koboko, na hata ng'ambo ya mpaka, Ariwara, Zaire.

Baba naye ametoa amri. Shule nimemaliza, matokeo bado, na hataki mtu mzima wa kukaa ndani akitazama dari. Vijitabu visipouzika mpaka mwisho wa mwezi, naenda Koboko kwa dada yake, Shangazi Kiden. Ana duka la kushona. Nitakaa mlangoni nipokee wateja. Baba alikuwa jeshini. Amri zake hazina rufaa.

Nipokee wateja! Mimi! Nikitumwa chumvi napita nyuma ya nyumba za watu nisikutane na mtu wa kusalimia. Sauti yangu hutoka nikisimulia tu, na hata hapo ni kwa sababu nasoma.

Lazima viuzike.

Jumatatu, 6 Januari.

Pasca amekubali. Duka lake ndilo linalouza madaftari na wino mjini, na wanafunzi wote hupita hapo. Aliuliza, hii iko kitabu ya nini? Nikamfungulia ukurasa wa kwanza asome mwenyewe. Akasema kama mwenye mali anaiogopa mali yake, yeye Pasca atawaambia nini wateja? Kisha akavipanga mezani, kati ya chaki na vifutio. Mahali pazuri sana.

Kasoro moja. Kando ya vyangu kuna vya Sule!

Sule wa Koboko. Tulisoma darasa moja. Ndiye aliyenipa jina la Mama Bubu mwaka wa kwanza, na likanifuata mpaka mtihani. Kumbe naye ametunga. *Ng'ombe Wamepotea*. Nimekisoma nikiwa nimesimama, kwa maana kinasomeka chote kabla miguu haijachoka. Kurasa chache tu, moja imebanwa kichwa chini. Ng'ombe ni saba mwanzoni na tisa baadaye. Hakuna kaburi, hakuna pango. Kuna nyumba tatu, na katika kila nyumba ameandika hivi: "Hapa kuna mtu anajua lakini hasemi. Amua mwenyewe kwa nini."

Amua mwenyewe! Mnunuzi amelipa ili aamue mwenyewe? Hiyo ni sawa na kuuza sufuria tupu na kumwambia mtu apike.

Nilimhurumia Sule njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi, 9 Januari.

Vya Sule vimekwisha. Vyangu vimeingia vumbi.

Nilikuwa nikivipangusa kwa upindo wa sketi wakati Sule mwenyewe alipofika na baiskeli, nyuma amefunga katoni mpya. Akapaza sauti mbele ya duka zima: Mama Bubu! Kaburi lako linaendeleaje? Limeshazika wangapi? Watu wakacheka. Hata Pasca. Nilipata jibu kali sana nilipofika Awindiri.

Nimekaa nikawaza kwa makini. Pasca anasema wateja hukifungua changu, huona maneno yalivyojaa, hukirudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wakubwa wanazungumza. Basi wanakiheshimu. Tatizo si ubora. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia kwamba ni kizuri.

Nimepata dawa!

Jumamosi, 11 Januari.

Jana asubuhi nilibandika tangazo mlangoni kwa Pasca kabla hajafungua: "Nimecheza safari nyingi. *Kaburi la Mfalme* ndiyo bora kuliko zote. Nililia nilipofika kwenye kiti cha enzi. Msomaji, Dadamu." Nilichagua Dadamu kwa sababu ni mashambani, na hakuna atakayetembea mpaka huko kuuliza.

Hakuna aliyetembea mpaka huko. Walitoka huko.

Vijana wa Dadamu waliona tangazo jana hiyo hiyo, maana ilikuwa siku ya soko. Wamefurahi kusikia kwamba kwao kuna msimulizi hodari wasiyemjua, na wakaanza kumtafuta ili awasimulie. Wakamwuliza Pasca. Pasca, ambaye ameona mwandiko wangu kwenye madaftari miaka yote hii, akawaelekeza nyumbani kwetu.

Nilijificha nyuma ya ghala la muhogo. Mama akawapa chai. Nikasikia wakimwambia Mama kwamba wanamtafuta mtu aliyelia kwenye kiti cha enzi. Mama akajibu kwamba hapa kuna anayelia kwa mambo mengi, lakini kiti hicho yeye Mama hakijui.

Mmoja wao alikuwa ameshanunua. Amekirudisha kwa Pasca. Alimweleza kwamba hana ugomvi na kitabu, ila mwandishi wake anaonekana ana shida nyumbani.

Jumapili, 12 Januari.

Baada ya kanisa nimefanya majaribio na Alice, rafiki yangu, na binamu zake wawili. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu kitabu kikichezwa. Naandika yote kwa ukweli.

Niliwafikisha mbele ya kaburi. Nikasoma mlango wa shaba, maandishi, vumbi. Nikauliza, mnafanya nini?

Alice akauliza ni kaburi la nani. La mfalme, nikasema. Akauliza mfalme gani tena, wafalme ni mambo ya Bunyoro, huku kila mtu ni mkubwa nyumbani kwake. Nikasema huyu alikuwepo zamani. Sawa, akasema, wa ukoo gani?

Nilitafuta kurasa zote. Ukoo sikuuandika.

Basi wakakataa kuingia. Mwenyewe hajulikani, watoto wake hawajaulizwa, wao waingie tu kama mbuzi? Binamu mmoja akakumbuka kwamba kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika, "Mnapita kijiji kidogo." Sentensi moja tu! Niliiweka ili wasifike kaburini ghafla. Wakarudi kwenye kijiji kidogo kuuliza. Walisalimia. Walisubiri maji ya kunywa. Walikaa huko mpaka wakati wa kwenda kisimani, kisima cha kweli, na mchezo ukaisha.

Hakuna aliyefika chumba cha kwanza. Vyumba ishirini!

Alice alinishika mkono akasema kwa upole kwamba mtu akivunja kaburi la wenyewe, jioni atamwambia nini mama yake? Nikamjibu kwamba katika vijitabu vya mwalimu watu huingia tu, hawaulizi. Akasema huenda huko kwao wanajuana.

Nimewaza sana. Kitabu ni kizuri. Ni wachezaji ndio hawana nidhamu.

Jumatatu, 20 Januari.

Pasca anataka nafasi yake mezani kwa ajili ya kalenda. Siku za mwezi zinaniishia. Mpango mpya, mkubwa kuliko yote: nitapeleka vijitabu Koboko, kwenye uwanja wa Sule mwenyewe, siku ya soko. Nitaviweka kwenye duka la Shangazi, nitakaa pembeni kimya, vitajiuza. Nimeomba nafasi kwenye lori la tumbaku.

Baba ameniuliza, unaenda mwenyewe Koboko ili usipelekwe Koboko? Nilitoka nje kabla hajalifikiria zaidi.

Jumatano, 22 Januari. Koboko.

Sijui niandike kwamba nimeshinda au nimeshindwa.

Duka la Shangazi Kiden lilikuwa limejaa. Kuna harusi, na wanawake walikuwa kwenye benchi wakingojea gomesi zao, yale magauni ya sherehe yenye mabega yaliyochongoka. Mkubwa wa kelele ni Norah, dada wa bibi harusi. Vijitabu niliviweka mezani, mimi nikakaa nyuma ya marobota ya vitambaa. Havikujiuza. Norah akakichukua kimoja akauliza, hii iko nini, sala? Shangazi akajibu kwamba mwenye kitu yuko nyuma ya vitambaa, mvute mguu.

Kueleza siwezi. Kwa hiyo nikaanza kusoma tu. Mko mbele ya mlango wa shaba.

Norah akaita kwa sauti ya juu, hodi! Nikasema ni kaburi. Akasema basi samahani, mwenye kaburi iko wapi?

Yakawa yale yale. Tena zaidi! Walirudi kwenye kijiji kidogo. Shangazi, huku akikanyaga cherehani, akajiteua kuwa mzee wa kijiji, akawauliza wametumwa na nani na kwa nini wamekuja mikono mitupu. Wakaahidi kondoo. Shangazi akataka kujua kondoo amenona au vipi. Nikarusha dadu. Amekonda! Shangazi akasema huyo ni tusi. Norah akasimama, akamwambia Shangazi kwamba ukoo wake wenyewe ulipokea kuku mgonjwa mwaka jana na hawakusema neno. Watu walisimama barabarani kusikiliza. Nilikuwa nikijibu huku, nikirusha dadu kule, nikampa mzee mke wa pili mwenye siri, nikampa mke huyo mtoto asiyejulikana. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa! Shangazi alicheka mpaka akashonea mkono wa gomesi shingoni.

Jua lilipotua wasafiri walikuwa bado kijijini. Wamepewa uji.

Kisha wakanunua vijitabu vyote. Vyote! Kila mmoja anataka kwenda kusimulia nyumbani kwake. Nilimwuliza Norah anaonaje ukumbi wa kiti cha enzi. Akasema hajafika huko na haoni haraka.

Alhamisi, 23 Januari. Koboko.

Leo asubuhi nimekuta ramani yangu ya kukunjua juu ya meza ya Shangazi, imebandikwa pini. Amekatia bega la gomesi. Anasema karatasi ni imara na ile mistari ya vyumba inamsaidia kupima. Ukumbi wa kiti cha enzi sasa ni bega la kulia la bibi harusi.

Huyo ndiye mtu wa kwanza kukitumia chumba chochote.

Nimekaa mlangoni nikawaza, kitabu cha safari ni kizuri lini? Kikisomwa vizuri, au kikichezwa vizuri? Changu kinasomeka vizuri, lakini hakuna anayekisoma. Cha Sule hakisomeki, lakini watu wanakicheza mara ya tatu. Nilikaribia kabisa jibu fulani. Nililihisi. Kisha akaja mteja akitaka zipu nyekundu, nikamtafutia, tukazungumza kidogo juu ya urefu wake, na wazo likapotea.

Jumamosi, 25 Januari. Awindiri.

Nimesimama mbele ya Baba na kutoa ripoti. Vimeuzika vyote, kabla ya mwisho wa mwezi. Koboko siendi!

Baba akauliza vimeuzika wapi. Dukani kwa Shangazi. Kwa Pasca je? Hapana. Nani alivinunua? Wateja wa Shangazi. Nani aliwapokea? Mimi.

Akasema askari hupelekwa mahali anapofanya kazi vizuri. Naondoka Jumatatu.

Nililia. Si kwenye kiti cha enzi.

Jumamosi, 1 Februari. Koboko.

Nipo mlangoni pa duka. Wateja wanakuja, nawasalimia, wanakaa. Hakuna la kuandika kuhusu hilo.

Sule alipita. Kwao ni mtaa wa pili. Alisimama mlangoni akisikiliza nikiwasimulia wanawake, muda mrefu, bila kunitania. Nilipomaliza akasema kwamba yeye akisimulia watu hupiga kelele, lakini mimi nikisimulia wananisikiliza. Akasema tutunge kimoja pamoja. Yeye aandike kijiji, mimi niandike mahali pa kwenda, kisha tuache nafasi wazi watu wajijazie. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Dharau kubwa! Anataka nimsaidie kuandika ng'ombe wake. Nilimwambia nitafikiri. Jibu hilo niliweza kulisema hapo hapo, kabla sijafika nyumbani.

Nimefikiri. Kosa la *Kaburi la Mfalme* nimeshaliona, na ni kinyume cha anavyosema Sule. Si kwamba niliandika mengi mno. Niliacha tundu. Sentensi moja ya kijiji, na watu wote wakatokea hapo! Kitabu cha pili hakitakuwa na tundu. Hakuna kijiji. Hakuna njia. Safari inaanza wakiwa tayari ndani ya kaburi, na mlango wa jiwe unajifunga nyuma yao. Hawana wa kumwuliza. Watakwenda wapi, kama si chumba cha kwanza?

Jumatano, 12 Februari. Koboko.

Nimemaliza kuandika sehemu ya pili. Leo nimewasimulia Shangazi, Norah na wenzake. Mlango ukajifunga, giza. Mbele yenu kuna kijia kuelekea chumba cha kwanza. Mnafanya nini?

Norah akasema, tunakaa chini.

Nikauliza mnakaa mpaka lini? Akasema mpaka watu wetu waje kututafuta. Nikasema hakuna anayejua mliko. Akasema hiyo ni kazi yao.

Nikawaambia hewa inapungua. Ndipo Shangazi akaacha kukanyaga cherehani. Akasema mwaka ule wa vita, wa kukimbilia Zaire, alipotezana na wenzake wote njiani, akafika Ariwara peke yake. Watu walimwambia aende mbele, kuna kambi, kuna chakula. Alikataa. Alikaa mlangoni pa kanisa, pale ambapo mtu anayetafuta lazima apite. Baba yangu alikuwa akizunguka kila soko na jina lake mdomoni. Ilichukua muda. Alifika. Shangazi akasema kama angekwenda mbele, leo gomesi hizi zingeshonwa na nani? Basi tunakaa.

Baba hajawahi kunieleza habari hii. Nilitazama ukurasa wangu na sikuona pa kuiweka.

Kisha Norah akasema tuimbe, ili walio nje wasikie. Wakaimba. Mwanamume mmoja akaingia dukani akitaka vifungo vya kanzu. Norah akamwambia asiingie hovyo, yeye yuko nje ya kaburi na anamtafuta dada yake tangu juzi. Yule bwana, ambaye sijui hata jina lake, akaweka mezani vifungo alivyokuwa akichagua, akaenda mlangoni, akaita jina la Shangazi kwa sauti iliyonisisimua mwili. Shangazi akaitika. Nikarusha dadu kwa ajili ya jiwe. Ishirini! Jiwe likafunguka, kutoka nje.

Wakakumbatiana kweli kweli. Yule bwana alisahau vifungo vyake.

Hakuna aliyefika chumba cha kwanza.

Ijumaa, 14 Februari. Koboko.

Wanaomba sehemu ya pili ichapishwe haraka. Wamesema ni nzuri kuliko ya kwanza. Nzuri vipi, na hawajaona hata chumba kimoja? Sule amekuja kuuliza kama nimefikiri. Alisikia habari za wimbo. Nikamwambia sina nafasi, nimeshaona kosa liko wapi.

Kosa ni ndugu. Wasafiri wangu wana ndugu wengi mno. Mtu mwenye ndugu hana sababu ya kutembea gizani. Kwa hiyo katika sehemu ya tatu wasafiri wote ni yatima. Hawana baba, mama, kaka, dada, babu, wala mtu wa kuwatafuta. Wataingia chumba cha kwanza, cha pili, mpaka kiti cha enzi, na hakuna atakayewazuia. Vyumba vitakuwa arobaini.

Nilimsomea Shangazi ukurasa wa kwanza huku akipiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, sawa, lakini yatima gani asiye na shangazi?

Nimemshukuru. Ni tundu kubwa, na ningelipitia tu. Nimeongeza kwa herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa: WASAFIRI HAWANA SHANGAZI.

Sasa hakuna pa kutokea.